Tarakimu

Namba za mgongoni ni zangu.
Ile saba yenye mkia wa ndoana,
ile nane iliyojibana kiuno,
nilizichora mimi, Umazi, kwetu Mtopanga, juu ya mkeka,
wiki ile stima ilipokuwa ikipotea kila magharibi
na kompyuta ikihema kwa betri ya asilimia kumi na moja.
Papa wa Makupa wazivaa sasa.
Jezi yauzwa elfu mbili mia tano pale langoni.
Nimeishika mara nyingi:
kuipiga picha,
kuikunja,
kuirudisha kwenye nailoni yake.

"Kazi yako hasa ni ipi?" mama huniuliza,
akigeuza viazi karai.
Nampa simu. Aiona posta: Dzombo ameruka, kinywa wazi,
moshi wa buluu nyuma yake.
"Huyu namjua. Na huu moshi?"
Moshi ni mimi, mama.
Acheka hadi mafuta yamrukia mkononi.
"Ndiyo maana wakulipa moshi."

Dzombo nimemtoa kwenye nyasi mara mia,
unywele kwa unywele.
Jino lake lililomeguka nalijua kuliko mkewe.
Yeye siku moja alinikabidhi chupa tupu
akaenda zake kuoga.

Elfu kumi na mbili.
Na si mshahara, Bwana Twahir alinisahihisha siku ya kwanza,
ni posho.
Mshahara hudaiwa. Posho hutolewa,
na apewaye hushukuru.
"Na jina, Umazi! Jina lako litavuka Nyali!"
Jina halijavuka.
Navuka mimi, kila siku ya mechi, daraja zima kwa miguu,
kamera ya klabu tumboni, ndani ya buibui,
watu wakinipisha njia
wakidhani ni mja mzito.

Ukutani ofisini pameandikwa: MCHEZA KWAO HUTUNZWA.
Niliandika mimi.
Ile H ilinila nusu siku.
Ya mchora kwao sijaisikia bado.

Tulipowafunga wale wa bara tatu bila,
posta yangu ilizunguka mji kabla sijafika nyumbani.
Kinyozi wa Kongowea aliibandika
kando ya bei za kunyoa watoto.
Kampuni ya maji ya chupa ikatia nembo yake pembeni,
ikailipa klabu.
Mimi nililetewa soda.
Ya baridi, nisiseme uongo.

Basi nikaomba nyongeza.
Bwana Twahir hakukasirika. Ni mtu mpole,
na yeye pia viatu vyake vimeshaliwa visigino.
Alininyoshea kidole mlangoni:
"Vijana mia wakitaka kiti hicho."
Nikageuka kutazama.
Mlangoni palikuwa na paka.

Jumanne paka hayupo, yupo Shekuwe.
Shati limepigwa pasi mpaka mikunjo yakata,
cheti ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mfuko wa plastiki.
"Mfundishe," naambiwa. "Yuwajitolea tu. Miezi mitatu."
Nikamfundisha pa kuhifadhi picha,
wachezaji wasiotaka kupigwa upande wa kushoto,
herufi S isiyoshika mpaka uikandamize kwa ukucha.
Ana jicho, mtoto huyu.
Aliliona kosa kwenye nembo ambalo mimi
nimelificha mwaka mzima.

Bwana Twahir alipotoka kuswali adhuhuri,
akaninong'oneza: "Dada, nikishamaliza hiyo miezi,
wao hulipa ngapi?"

Jawabu la kufundishwa ninalo.
Utajifunza mengi.
Ulimi ulishafika kwenye "uta".
Nikafungua ukurasa mweupe,
nikaandika kwa namba zangu, zile za mgongoni,
kubwa, buluu, kutoka ukingo hadi ukingo:
moja, mbili,
sifuri, sifuri, sifuri.

Akazitazama muda mrefu, kichwa amekiinamisha upande.
"Hiyo mbili," akasema, "shingo yake imekaa vizuri sana."

Kisha, polepole:
"Kwa wiki?"